Daftari la Geti

Nilikuwa kwenye barua ya arobaini na moja. Ilihusu pakiti kumi na mbili za mchele wa kilo tano ambazo ghala la Iringa lilisema hazikufika, na hati ya mzigo iliyokuwa mbele yangu ilionyesha kwamba pakiti zote mia nne zilifika. Sahihi ya mpokeaji ipo, muhuri upo. Nililinganisha namba ya hati na namba iliyoandikwa kwenye barua. Nililinganisha tarehe. Nikabonyeza kitufe cha kutuma, nikavuta hati nyingine kutoka kwenye rundo.

Hiyo ndiyo kazi niliyobaki nayo. Programu inaandika barua, mimi nakagua na kubonyeza.

Kiwanda chetu kiko Uyole, hatua chache kutoka barabara kuu. Tunakoboa mpunga wa Usangu, tunaufunga mchele kwenye pakiti, na mara mbili kwa wiki fuso linaupeleka Iringa, kwenye ghala kuu la kampuni moja yenye supamaketi nyingi. Kampuni ile hailipi ankara kama ilivyoandikwa. Inalipa pungufu, na pamoja na malipo inaleta orodha ya makato: pakiti hizi hazikufika, hizi zilichanika, hizi lebo imebandikwa upande, mzigo huu ulichelewa. Mengine ni ya haki. Yasiyo ya haki unapewa siku thelathini za kuyapinga kwa barua. Siku zikipita, kato limekuwa la kudumu, hata kama haki ilikuwa yako.

Kwa miaka tisa mpingaji nilikuwa mimi. Sikusomea. Nilimaliza darasa la saba Ubaruku, ambako wazazi wangu walihamia na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, na hapa kiwandani nilianza kwa kuchagua mawe kwenye mchele. Baadaye nikapewa kufagia ofisi. Kulikuwa na boksi la karatasi chini ya meza ya Mzee Ibrahimu, mwenye kiwanda, na kila nilipofagia nililisogeza. Siku moja badala ya kulisogeza nikalifungua, nikaanza kuzipanga karatasi kwa tarehe, kisha kwa sababu. Mzee aliniacha nipange. Wiki ya tatu nikamwonyesha kwamba makato manne ya uzito yalikuwa ya siku moja, mzigo mmoja, yamekatwa mara nne. Aliniletea kiti.

Nusrat alikuja mwezi wa tatu mwaka huu kwa mafunzo ya vitendo, kutoka chuoni. Binti wa hapa hapa mjini, watu wa biashara, mpole, mtandio wake kila siku umepigwa pasi. Alikaa pembeni yangu miezi mitatu akiniuliza maswali na kuandika majibu. Kwa nini barua hii ni fupi na ile ni ndefu? Unajuaje kwamba hili watalikubali? Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilifurahi, nikamweleza. Nilikuwa nakwenda nyumbani nikifikiria nitamweleza nini kesho.

Mwezi wa kumi akarudi na programu. Alikuwa ameilisha barua zangu zote za miaka tisa, na sasa ilikuwa inaandika kama mimi. Nasema kama mimi bila kuongeza chumvi. Barua ya kwanza niliyoisoma ilikuwa na maneno haya: "Tunaomba kwa heshima mlipitie upya kato hili, kwa sababu mzigo ulitoka na ulifika ukiwa kamili." Maneno hayo niliyatafuta mchana mzima katika mwaka wangu wa pili. Kabla yake nilikuwa naandika "mmekosea", na nilikuwa nimeona kwamba ukimwambia mtu amekosea hajibu. Nusrat hakuyatafuta. Alibonyeza tu, yakaja.

Wiki ya kwanza programu iliandika barua nyingi kuliko zile nilizokuwa naandika kwa miezi miwili. Ilipinga hata makato madogo ya pakiti moja moja ambayo mimi nilikuwa nayaacha kwa kukosa muda. Mengi yalirudishwa. Mzee alikuja na orodha mkononi akaniuliza, "Mama Ng'washi, hizi ulikuwa unaziacha?" Hakuuliza kwa ubaya. Nikajibu kwamba zilikuwa ndogo, akaitikia kwa kichwa, akarudi kusimama nyuma ya kiti cha Nusrat.

Alipenda kusimama pale. Aliweka mkono kwenye mgongo wa kiti na kutazama skrini kama mtu anayetazama mpira. Alileta wageni kutoka Tunduma waje waone. Alimleta mpaka imamu. Nikaanza kuhesabu ni mara ngapi anamwita Nusrat kabla ya chakula cha mchana. Jumatano moja ilikuwa mara kumi na moja. Mimi aliniita mara mbili, moja kwa ajili ya ufunguo wa stoo. Sijivunii kuhesabu, lakini nilihesabu, na siku iliyofuata nikahesabu tena.

Kama Nusrat angekuwa na maringo ningepumzika. Hakuwa nayo. Chai ilipoletwa alinimiminia mimi kwanza. Aliniita mama. Alipopongezwa alisema kazi ni ya Mama Ng'washi, yeye kapanga tu, na Mzee akazidi kumpongeza kwa kusema hivyo.

Furaha moja niliipata. Wiki ya pili Mathew alinipigia. Mathew ndiye anayeshughulikia makato kule Iringa; sijawahi kumwona uso, lakini sauti yake naijua kuliko za ndugu zangu wengine.

"Dada Nyamizi, samahani," alisema. "Nimepata barua zako kumi na nne leo. Zote zinasema 'kama tulivyozungumza kwa simu'. Nimekaa najiuliza tumezungumza lini. Mke wangu kila siku ananiambia nasahau, sasa na wewe umeungana naye."

Nikamwambia pole, si mimi, ni kompyuta.

"Basi iambie kompyuta mama yangu amepona mguu tangu mwaka juzi. Kuna barua moja inamwulizia."

Tulicheka sana. Nilipokata simu sikumwambia Nusrat papo hapo. Nilisubiri mpaka Mzee ameingia na ofisi imejaa, ndipo nikasimulia, taratibu, sikuacha hata mguu wa mama. Nilitaka aone haya. Nusrat alijifunika uso kwa mtandio akacheka mpaka machozi, akasema kosa ni lake, hakuifundisha ipi ni hoja na ipi ni salamu, na chai ilipokuwa haijapoa alikuwa ameshalirekebisha. Mzee naye alicheka. "Hata salamu zako imezikariri, Mama Ng'washi," alisema, na nilivyomsikia alikuwa anaisifia programu.

Sasa nieleze jambo la daftari, maana ndilo lenye uzito.

Kule ghalani mzigo unatakiwa upokelewe kabla ya saa tano asubuhi. Ukipita hapo, wanakata kwa kuchelewa. Lakini muhuri wa kupokea hugongwa gari likishapakuliwa, si linapofika. Dereva wetu wa Iringa ni Yotamu. Analala Nyololo, anaondoka alfajiri, na saa mbili asubuhi yuko getini. Pale getini madereva wana desturi yao, haikuandikwa popote: gari la maziwa likija, linapishwa. La mkate linapishwa. La mboga kutoka Kilolo linapishwa pia, hasa jua likiwa kali. Mchele unasubiri kwa sababu hauchachi. Wako madereva wa mchele na wa sabuni ambao husinzia makusudi wasione nani kaja nyuma yao. Yotamu hasinzii. Anashuka, anarudisha gari nyuma, anapisha, na muhuri wake unagongwa saa sita.

Mlinzi wa geti ni mama mmoja anaitwa Damari. Kila gari linalofika analiandika kwenye daftari kubwa: namba, saa, mzigo. Nilimfahamu miaka saba iliyopita nilipopanda fuso kwenda kujionea mwenyewe kwa nini tunachelewa kila siku. Tulikaa pale getini mpaka mchana, tukala mahindi ya kuchemsha, akanionyesha daftari. Tangu hapo kila Ijumaa ananitumia picha ya ukurasa wa wiki, na maneno yake ni yale yale, akianza na salamu ya kwao: "Kamwene dada. Ukurasa huo."

Mimi nilikuwa nikishausoma nampigia Mathew. Simwambii nina picha, maana Damari angeulizwa. Namwambia tu, "Naomba ufungue daftari lenu la geti, tarehe kumi na tatu, mstari wa nne." Anafungua, anaona gari letu limefika saa mbili, analirudisha kato. Hakuwahi kuniuliza najuaje mstari. Baada ya hapo nilituma barua fupi ya kukamilisha, isiyo na ushahidi wowote ndani yake, imeandikwa tu kama tulivyozungumza kwa simu.

Kwa hiyo kwenye majalada yangu makato ya kuchelewa yalionekana yamerudishwa bila sababu. Programu ikayatazama ikaona ni bahati. Ikayaweka kwenye orodha ya yasiyopingwa.

Nusrat hakuridhika. Wiki ile ya kwanza aligeuka kwenye kiti akaniuliza, "Mama, hizi za kuchelewa ulikuwa unashindaje?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Mzee alikuwa nyuma yake, mkono kwenye kiti.

"Huwa wananisikiliza tu," nilisema.

Akaandika kwenye kijitabu chake kwamba huwa wanamsikiliza tu.

Ijumaa sita picha za Damari zikaja. Nilimjibu asante, ubarikiwe, na sikuzifungua. Nilikuwa nimepanga. Makato ya kuchelewa yatarundikana, Mzee ataona kuna kitu kompyuta haikiwezi, ataniita. Nilikuwa hata nimeshamtungia maneno ya kusema siku hiyo. Angesema, Mama Ng'washi, hili bila wewe haliendi. Nilikuwa nayarudia kichwani nikiwa nakoroga ugali.

Jumanne ile, nikiwa kwenye barua ya arobaini na mbili, Mzee aliingia na karatasi iliyotoka kwenye mashine. Ilikuwa ripoti ya makato ya kuchelewa, imepangwa kwa madereva. Zamani hakuwahi kuona ripoti ya namna hiyo kwa sababu zamani makato yale yalikuwa yanarudi. Magesa, anayepeleka mzigo Songea, alikuwa na sifuri. Yotamu alikuwa na tisa katika safari kumi na mbili.

Mzee akaagiza Yotamu aitwe. Alikuwa amerudi kutoka Iringa jana yake usiku, mikono ina grisi, akakataa kukaa asichafue kiti.

Mzee alimweleza kwa utulivu. Safari kumi na mbili, tisa umechelewa. Unalala wapi, unaamka saa ngapi, unasimama wapi njiani. Yotamu alijibu moja moja. Nalala Nyololo. Naamka saa kumi. Sisimami.

"Sasa unachelewa wapi?"

"Pale getini napisha maziwa, Mzee."

"Maziwa ya nani?"

"Ya watu tu. Yanachacha. Mchele hauchachi."

"Mchele hauchachi," Mzee alisema, "ila mimi nachacha."

Mtu mmoja pale mlangoni alicheka. Mzee hakucheka. Alisema kuanzia safari ya kesho Magesa atachukua fuso la Iringa na Yotamu atabaki stoo kwenye kupakia. Gari linapakiwa saa saba mchana; akabidhi funguo kabla ya hapo. Alisema hamfukuzi, hana ugomvi naye, lakini karatasi ndiyo hiyo.

Yotamu alinitazama. Hakunitazama kwa lawama. Alinitazama kama unavyomtazama mtu ambaye unajua ndiye anayefuata kusema. Na Nusrat alikuwa amekaa ameinamisha kichwa, anapanga vizuri karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

Mimi nikarudisha macho kwenye barua. Pakiti mbili, zimechanika. Niliisoma kuanzia mwanzo mpaka mwisho na sikuelewa neno hata moja.

Mchana nilimkuta Yotamu bombani ananawa. Akaniamkia, akanisogezea kipande cha sabuni kana kwamba nimekwenda kunawa. Kisha akauliza, bila kunitazama, "Dada, zile picha za mama Damari hazikuwa zinafika? Mwenyewe aliniambia anatuma kila Ijumaa."

"Simu yangu ilisumbua," nilisema.

"Pole. Simu hizi." Akajifuta mikono kwenye suruali. "Basi ni bahati mbaya tu. Usijisumbue nayo, dada."

Nikamwuliza mkewe hajambo. Nilijua jibu na sijui kwa nini niliuliza. Kule Nyololo Yotamu halali gesti. Analala kwake. Mkewe amejenga pale, watoto wanasoma pale, na kwa ratiba ya fuso anawaona usiku wa Jumapili na usiku wa Jumatano. Miaka minane amelea watoto kwa usiku wa mara mbili kwa wiki. Akasema hawajambo, atakuwa anakwenda mwisho wa mwezi kama Mzee atampa ruhusa. Kisha akaniomba jambo moja, kwamba nimwambie Damari zile chenga za mchele alizomwahidi atampa Magesa ampelekee, asione ameahidiwa uongo.

Alisema hivyo na mimi ndiye niliyekuwa nimetoka kumdanganya.

Nilikwenda nyuma ya stoo nikakaa juu ya viroba vya pumba, nikazifungua picha zote sita. Kila Jumatatu na kila Alhamisi namba ya fuso letu ilikuwapo. Saa mbili kasoro dakika kumi. Saa mbili na dakika tano. Saa mbili kamili. Kuanzia ukurasa wa tatu Damari alikuwa ameanza kuongeza neno pembeni, jambo ambalo hajawahi kulifanya kwa miaka saba. Alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: "amepisha." Chini yake: "amepisha." Nadhani aliona Mathew haji tena kufungua daftari, akafikiri mimi sielewi.

Nataka kuwa wa haki hata kwangu mwenyewe, kwa hiyo nitasema kwamba wazo la kwanza halikuwa la Yotamu. Wazo la kwanza lilikuwa kwamba nikizipeleka hizi sasa, Nusrat ataziingiza kwenye programu, na baada ya hapo hakutakuwa na kitu kimoja ninachokijua mimi peke yangu. Nilijiambia kwamba namlinda Damari. Ilikuwa kweli nusu. Kwa miaka saba nimemlinda na makato yamerudi vile vile.

Niliingia ofisini. Mzee alikuwa ametoka, amekwenda Mwanjelwa kuonana na wanunuzi. Nusrat alikuwa peke yake. Niliweka simu mbele yake ikiwa imefunguka kwenye ukurasa wa kwanza.

Alitazama. Akapeleka ukurasa wa pili kwa kidole, wa tatu. Alielewa upesi, ndivyo alivyo.

"Hii ndiyo ulikuwa unashinda nayo," alisema.

"Ndiyo."

"Unazo tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza. Zinakuja kila Ijumaa."

"Siku ile nilipokuuliza, ulikuwa nazo."

"Nilikuwa nazo."

Nilidhani atalia au atanisamehe, kwa sababu ni mpole, na nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili. Hakufanya hata moja.

"Mama, mimi nimempelekea Mzee karatasi yenye jina la mtu," alisema. "Jina lake nimeliandika mimi. Wewe umekaa hapo unaniangalia naandika."

Nikamwambia ilivyo, kwamba nilimwonea wivu. Neno hilo kwa mtu wa umri wangu kumwambia binti wa miaka ishirini na nne lilikuwa zito, na baada ya kulisema halikupunguza kitu. Alilisikia, akalipitisha, akavuta kalenda.

"Tatu zimeshapita siku thelathini," alisema. "Hizo zimekwenda. Zimebaki sita. Moja inaisha kesho."

Akanyanyua simu yangu aunganishe waya ahamishe picha, nikamzuia. Alinitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama. Nikamweleza haraka kwamba simfichi tena kitu. Picha zikiambatishwa kwenye barua, kule watauliza nani alipiga, na Damari hana mtu wa kumtetea. Tusiwaonyeshe daftari lao. Tuwaombe walifungue wenyewe, tuwatajie tarehe na mstari. Wakiona wanachokiona, uamuzi unakuwa wao.

Nusrat alifikiri. "Kwa hiyo programu inahitaji vitu vitatu tu. Tarehe, saa ya getini, mstari."

"Na mzigo wa gari lililopishwa," nilisema. "Ukitaja maziwa, Mathew anakumbuka. Yeye mwenyewe huyanywa."

Alitaka kutabasamu, akaacha.

Tukaanza. Alitengeneza nafasi mpya kwenye programu, akaipa jina daftari la geti, na mimi nikawa nasoma. Mwandiko wa Damari nimeuzoea mimi tu. Saba yake ina mkia na moja yake ina kofia, na mvua ikinyesha anaandika akiwa amepakata daftari, mistari inapanda kama mlima. Nilisoma tarehe, nikasoma saa, nikahesabu mstari kutoka juu, nikahesabu tena kutoka chini. Yeye aliandika. Kila safari tulitafuta hati yake ya mzigo tukalinganisha namba ya gari. Hatukuongea mengine. Mara mbili alinyanyuka akachukua maji, na mara zote mbili alileta bilauri moja.

Barua ya kwanza ikatoka. "Tunaomba kwa heshima mlinganishe saa ya muhuri na saa iliyo kwenye daftari lenu la geti, mstari wa sita, kwa kuwa gari letu lilifika mapema na lilipisha mzigo wa maziwa." Niliisoma mara tatu natafuta kasoro. Neno mapema mimi nisingeliweka pale, ningeanza na saa. Lakini barua ilikuwa nzuri. Ilikuwa imefika mahali nilipokuwa nafika kwa simu, kwa sauti, kwa salamu za nusu saa, na ilikuwa imefika kwa sentensi moja. Wivu ule wa mwezi wa kumi ulirudi vile vile. Nikabonyeza kitufe cha kutuma.

Tulimaliza tatu. Ya nne, ile inayoisha kesho, tuliianza kwanza kabisa na tukaiacha, kwa sababu kidole gumba cha Damari kilikuwa kimefunika pembe ya picha na mistari ya juu haikuonekana. Saa ilikuwapo, saa mbili na robo, gari letu lipo, lakini ni mstari wa ngapi? Nusrat alikuza picha mpaka ikawa madoa matupu. Nikampigia Damari, simu imezimwa. Kawaida yake akitoka zamu anazima simu na kulala, na zamu yake inaanza saa kumi na mbili asubuhi.

"Tukadirie?" Nusrat aliuliza.

"Tukikosea mstari mmoja, Mathew atafungua, atakuta gari la sabuni. Kuanzia hapo hatafungua tena."

Alikubali. Saa kumi na moja jioni mashine za kukoboa zilizimwa, na ukimya ukaingia ofisini kama mgeni. Mzee alikuwa hajarudi. Alipiga simu kusema atapitiliza nyumbani. Nusrat alikuwa na simu sikioni na alinitazama wakati anamsikiliza. Angeweza kumwambia pale pale. Alimwambia sawa Mzee, usiku mwema.

"Kesho utamwambia wewe," alisema alipokata. "Si mimi."

"Nitamwambia."

"Na zile tatu zilizopita, pia."

"Na zile tatu."

Alizima kompyuta, akaweka mtandio sawa, akasema kwa heri mama kama kila siku, ila hakunisubiri tutembee pamoja mpaka barabarani.

Nilibaki nikazipanga hati: tatu tulizokwisha kuziandikia barua upande mmoja, mbili za kusoma kesho upande mwingine, na ya kidole gumba katikati. Nikachana kipande cha karatasi nikaandika. Damari, saa kumi na mbili. Mathew, mara tu akifika kazini. Mzee, kabla hajanywa chai. Funguo zisikabidhiwe kabla ya hapo. Nikakibandika kwenye skrini ya Nusrat, na nikaona nimekibandika juu ya jina lake, lile alilolichapa kwa herufi ndogo kwenye lebo na kulibandika ukingoni. Nikakibandua, nikakihamishia pembeni.

Kisha nikatoka kumtafuta Yotamu, nikamkuta tayari ameshapangusa kioo cha fuso na kutoa shuka lake kwenye kiti. Nikamwomba asiondoe vitu vingine mpaka kesho saa nne. Akaniuliza kuna nini. Nikamwambia simu yangu haikusumbua.